Banda la Sungura wa Latifa

Zuhura mwanangu,

Mama yako amekuchukua asubuhi kwenda Tegeta kusukwa, na mdogo wako Latifa ameshakwenda madrasa. Nyumba nzima hapa Boko nimebaki mie na begi lako, limesimama mlangoni limefungwa zipu. Nimekaa kibarazani na karatasi zangu. Mikono hii imezoea patasi kuliko kalamu, kwa hiyo mwandiko utauvumilia.

Mambo ya shuka, ndoo na blanketi mama yako ameshakwambia, na kesho stendi atakwambia tena. Habari za baridi ya Mbeya, huko unakokwenda chuo, umezisikia mpaka umezichoka. Mie sitayagusa hayo. Nataka nikuandikie kuhusu sungura, kwa sababu tangu yule sungura atoke humu ndani, mie na wewe tumebaki na shikamoo na marahaba tu. Unasalimia, naitika, halafu kila mtu anaangalia sahani yake. Siwezi kukupandisha basi tukiwa hivyo.

Nianze siku uliyoniuliza. Nilikuwa nimerudi kutoka Mwenge, sijavua hata viatu, ukanifuata hapahapa kibarazani.

"Baba, mie nikiondoka Tifa atabaki na nani?"

Nikakujibu, "Atabaki na sie wazazi wake. Kwani sie nani?"

Ukasema, "Sio hivyo, baba. Kukimbia mmemkataza. Kuku wa jirani mmemkataza. Maji ya baridi, vumbi, kucheza kwenye maulidi, vyote hapana. Kitu pekee alichonacho ni mie kulala naye kitanda kimoja. Mama Happy ana watoto wa sungura, amesema atatupa mmoja. Tumchukue."

Nikakasirika hapohapo, na najua ulishangaa, maana jambo lenyewe lilikuwa dogo. Mtoto anaomba sungura, baba anapandisha sauti mpaka majirani wanasikia. Sasa nikwambie hasira ile ilitoka wapi, ingawa haitakufanya uione ilikuwa halali.

Unajua nilikuwa na mdogo wangu, Saidi, aliyefariki tukiwa Newala. Nimekwambia alikufa kwa ugonjwa, nikaishia hapo. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kifua kama cha Latifa. Alikuwa akibanwa, bibi yako anamkalisha, anamwegemeza kifuani kwake, nasi wengine tunanyamaza tukisikiliza ile filimbi ndani yake. Siku ya mwisho nilitumwa nikaazime baiskeli tumpeleke zahanati. Mwenye baiskeli alikuwa shamba. Nikamfuata huko, nikarudi nikiikokota kwa sababu nilikuwa mfupi, siwezi kuipanda. Nilipokaribia nyumbani sikusikia filimbi. Nilifurahi, Zuhura. Nilidhani amepoa.

Ndiyo maana, tangu nipate mtoto mwenye pumu, namsikiliza tu. Anakula, namsikiliza. Anasoma, namsikiliza. Kila mtu akiniomba kitu kwa ajili ya Latifa, kabla sijaelewa ameomba nini nimeshasema hapana.

Lakini wewe huachi kitu. Uliniandama wiki nzima mpaka nikasema, "Tutaona." Humu ndani "tutaona" yangu maana yake hapana, hata mama yako anajua. Wewe uliamua kuifanya ndiyo. Siku ya pili yake narudi kazini, namkuta sungura chumbani kwenu, ndani ya boksi la televisheni, mweupe kama pamba, na Latifa ameshampa jina la hilohilo, Pamba.

Nilikuwa na maneno mdomoni ya kumtoa. Latifa akainua uso akaniambia, "Baba, njoo umguse masikio, yana joto." Yale maneno yakanipotea. Nikachuchumaa, nikamgusa masikio.

Kisha ukaja ule ubishi wa pa kumweka, unaukumbuka. Mama yako alitaka akae uani. Wewe ukasema uani kuna mapaka, na siafu wakipita usiku hawabakishi kitu, na ukimweka chini ya bati mchana joto litamuua. Ulikuwa umesoma kwenye simu kwamba sungura anaweza kuvumilia baridi lakini joto linammaliza. Yote uliyosema yalikuwa kweli. Mama yako akasema, "Na kifua cha mtoto je?" Na hilo nalo lilikuwa kweli. Mkanigeukia mie niamue.

Nikaamua vibaya. Nikasema akae chumbani kwa muda, mpaka nipate nafasi ya kumtengenezea banda. Nafasi yenyewe sikuitafuta. Badala yake, boksi lilipoanza kulowa na kutoa harufu, nikaja na kiroba cha maranda kutoka kibandani ninakochongea vinyago Mwenge. Maranda ya mpingo na lile vumbi lake laini jeusi linalobaki chini tukishapiga msasa. Nikayamwaga boksini kwa mikono yangu miwili, vumbi likapanda hadi kwenye chandarua. Mlichafuka pua nyote wawili, mkacheka. Nilijisikia baba mwema siku ile.

Jioni ile Latifa alipobanwa ulikuwa unapika. Mie nilikuwa natawadha kwa ajili ya magharibi. Nikasikia unaita, "Baba!" na kwa sauti yako nikajua. Nilimkuta amekaa kitandani ameshika magoti, mabega yamepanda, na ile ngozi ya chini ya koo inazama ndani kila akivuta pumzi. Alitaka kuniambia kitu akashindwa kumaliza neno. Wewe ndiye uliyechukua inhela, ukaichomeka kwenye ile chupa ya maji tuliyoikata kama walivyotufundisha hospitali, ukamwekea mdomoni, ukawa unamwambia, "Vuta taratibu, Tifa. Tena. Nipo hapa. Tena." Mie nikashindwa hata kufungua kitasa cha geti.

Kwenye bajaji ulimpakata ameketi wima. Barabara ya Bagamoyo ilikuwa imejaa, magari hayasogei, dereva anapita pembeni kwenye mashimo. Mama yako alikuwa anasoma dua kwa sauti. Mie nilikuwa nasikiliza ile filimbi, na kila ilipopungua niliogopa zaidi, kwa sababu nilishawahi kuisikia ikinyamaza.

Hospitali wakamvisha barakoa ya mvuke, wakamchoma sindano, wakatutoa nje. Pale kwenye benchi, mbele ya wagonjwa na wauguzi, mie nikakugeukia nikakwambia, "Umetaka kumuua mdogo wako kwa ajili ya mnyama."

Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Sikutaka kuyalainisha. Ulivuta kanga ukajifunika mabega, ukatazama mlango walikompeleka Latifa. Mama yako akaniambia kwa chini, "Baba Zuhura, nyamaza." Lakini yalikuwa yameshatoka.

Alipopumua vizuri, mkabaki naye wodini, mie nikarudi nyumbani peke yangu. Nikambeba Pamba kwenye kiroba kilekile cha maranda, nikampeleka kwa Mama Happy mtaa wa pili. Nikamwambia, "Mchukue mnyama wako."

Unamjua Mama Happy, mtu wa Moshi, hana maneno ya kupamba. Akaniambia, "Baba Zuhura, sungura mie nafuga wa kula. Nikimrudisha bandani hatakuwa wa Tifa tena, atakuwa wa sufuria. Umeelewa?"

Nikasema, "Nimeelewa."

Latifa aliporudi nyumbani hakuuliza. Alipita chumbani, akaona pale boksi lilipokuwa, akageukia ukutani akalala. Ni afadhali angelia.

Daktari tulimwona siku ya marudio, mie na Latifa, wewe ukiwa umeenda kushughulikia karatasi zako za chuo. Najua Latifa alikusimulia siku ileile. Lakini kwangu hujasikia, na ilikuwa haki yako uyasikie kwangu. Alikuwa daktari binti, si mkubwa kwako sana. Akaniuliza kama nyumbani kuna moshi wa mkaa, udi, dawa za mbu za kuwasha, mnyama. Nikadakia, "Mnyama alikuwepo, tumeshamtoa." Nilisema kwa majivuno kabisa.

Akaandika. Kisha akauliza, "Alikuwa analala wapi?"

"Chumbani, kwenye boksi."

"Juu ya nini?"

Kabla sijajibu, Latifa akasema, "Juu ya maranda ya baba. Meusi."

Yule binti akaacha kuandika, akaniangalia mikono na vumbi jeusi kwenye mikunjo ya shati langu. Akauliza nafanya kazi gani, na kama nami huwa nakohoa. Nilikuwa nimekohoa tangu naingia pale, sikujisikia. Sie wachongaji wote tunakohoa, hatuhesabu kuwa ni ugonjwa. Mzee aliyenifundisha kuchonga alikuwa akikohoa mpaka anashika meza, na sie vijana wake tulikuwa tunasema mpingo umemkubali.

Daktari hakuniambia ni maranda moja kwa moja. Alisema, "Baba, sitakuapia. Inawezekana ni vumbi hilo, inawezekana ni manyoya, inawezekana vyote kwa pamoja. Lakini vumbi la mbao ngumu chumbani anapolala mtoto mwenye pumu, hilo ningelitoa kwanza kabla ya kumlaumu sungura." Akasema nguo za kazi zibaki kazini. Nikamuuliza, na mdomo umenikauka, kama mtoto anaweza kuwa na sungura tena. Akasema yapo mazingira anaweza kujaribu: mnyama akae nje, mbali na dirisha, mtoto asisafishe banda, anawe mikono, na sisi tumwangalie. Kifua kikianza, mnyama aondoke bila mjadala.

Tulipotoka Latifa akanishika kidole. Mie nilikuwa nafikiria kiroba kile nilichokibeba mabegani kutoka Mwenge hadi Boko nikijisifu, na wewe pale kwenye benchi umejifunika kanga.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia jioni ileile. Mama yako ameniuliza hilo kila siku. "Hujamwambia tu? Unasubiri afike Mbeya?" Nilikuwa nakuja mpaka mlangoni kwenu, nakukuta unakunja nguo, unaniambia, "Shikamoo baba," kwa adabu kabisa, na adabu yako inanifungia mdomo. Nilidhani mtoto akikosewa atagomba, na mie nitapata pa kuanzia. Wewe hukugomba. Nimejifunza kwamba mzazi anaweza kujificha nyuma ya adabu ya mtoto wake, na pale nyuma pana kivuli kizuri, unaweza kukaa miaka.

Basi nikaanza na lile lililokuwa rahisi kwangu. Nikaenda kwa Mama Happy.

Zuhura, nilipoingia uani kwake kitu cha kwanza nilichokiona ni ngozi nyeupe imetandazwa juu ya ubao, imepigiliwa misumari pembeni inakauka. Nilisimama pale nikipanga nitakavyomwambia Latifa, na nikaona hakuna namna ya kumwambia. Mama Happy akatoka jikoni anafuta mikono.

"Karibu Baba Zuhura."

"Asante. Nilikuwa... yule sungura."

Akaniangalia. Akaangalia ngozi. Aliniacha nitokwe jasho, yule mama, na nilistahili.

"Yule pale wa kona," akasema. "Nilijua utarudi. Nilichokuwa sijui ni kama utarudi kabla ya Pasaka."

Pamba alikuwa amenenepa. Alinitazama huku anatafuna mchicha, hajali kitu.

Tulibishana sana mie na mama yako usiku mkiwa mmelala. Yeye ndiye aliyeuliza lile swali ambalo mie nilikuwa nalikwepa. "Na akishikwa tena? Safari hii Zuhura hayupo. Nani atasikia wa kwanza?" Nilimwambia sina uhakika, na sitakuwa nao. Nikamwambia pia kwamba tumemlinda huyu mtoto kwa kumwondolea kila kitu, na bado alibanwa, na aliyembana inawezekana kabisa ni mie niliyekuwa namlinda. Mama yako akasema, "Basi tujaribu mwezi mmoja. Kifua kikilia kidogo tu, sungura anarudi kwa Mama Happy. Na Mama Happy aape hatamtia sufuriani." Mama Happy ameapa, ila alitaka tumpe mbolea yote.

Banda nimelijengea hukohuko kwake, jioni zile ulizodhani nimechelewa foleni. Nitakueleza lilivyo, kwa sababu mengi ni maneno yako uliyoyasema siku ile nikayapuuza. Limeinuka hadi kiunoni. Miguu yake minne inasimama ndani ya makopo yenye oili chafu, siafu hawapandi. Paa nimeweka makuti, bati nimelikataa, na tumeliweka chini ya ule mwarobaini wa nyuma, upande wa jikoni, mbali kabisa na dirisha lenu. Sakafu ni wavu ili mavi na mkojo vidondoke chini, na pembeni nimempigilia ubao mpana wa kupumzishia nyayo, kwani Mama Happy ameniambia wavu mtupu unawatoa vidonda. Mlango una komeo ambalo paka hawezi kulifungua, na limebana kiasi kwamba Latifa anafungua kwa mikono miwili. Hakuna maranda. Mbao zote nilizipigia msasa Mwenge na kuzifuta kwa kitambaa kibichi kabla hazijatoka pale. Nguo zangu za kazi sasa zinabaki kule kwenye msumari, narudi na kanzu. Wenzangu wananicheka wananiita shehe.

Kusafisha ni kazi yangu na mama yako. Mchicha na majani atampa Latifa, kisha ananawa. Siku za joto kali tutamwekea chupa ya maji ya barafu ailalie ubavu.

Leo asubuhi, mlipotoka tu, nikaenda na mkokoteni kulichukua. Sasa unaelewa kwa nini mama yako aling'ang'ania usukiwe Tegeta, na kwa nini aling'ang'ania nywele nyembambanyembamba.

Latifa alikuwa anakunywa chai. Sikumwambia kitu, nilimwita uani. Aliona banda kwanza, kisha akaona kilicho ndani. Akasimama. Akaweka mikono yote miwili mdomoni. Nikamwambia, "Nenda, lakini polepole." Akaenda polepole kweli, anahesabu hatua, kana kwamba akiharakisha mtu atamnyang'anya. Akafungua komeo, akapitisha mkono, akamgusa masikio.

Nikakaa kwenye kigoda karibu naye. Inhela mfukoni. Nikaanza kazi yangu ile. Nasikiliza. Upepo ulikuwa unatikisa makuti, nikaulaani moyoni kwa sababu unanizibia. Kila akivuta pumzi navuta naye, kila akikohoa kidogo nasimama. Alikohoa mara moja nikawa nimeshafika mlangoni kutafuta ile chupa. Kumbe ni chai ilimpalia.

Akageuka akaniambia, "Baba."

"Naam."

"Unanisikiliza kifua."

Nikasema, "Nakusikiliza mwanangu, ndiyo."

"Acha kusikiliza kifua. Nisikilize mie."

Nikarudi nikaketi. Nikamwambia, "Haya. Sema, nakusikiliza."

Alimsugua Pamba mgongoni kwa muda. Kisha akasema, bila kunitazama, "Naogopa dada akiondoka."

Nikamwambia, "Na mie."

Akanitazama kwa mshangao, kama hakujua kwamba wakubwa nao wanaruhusiwa. Kisha akasogea kwenye kigoda changu, tukabanana hapo wawili mpaka muda wa madrasa. Kuhusu kifua chake, alipoondoka kilikuwa kimya, kimya kile cha kawaida. Kesho sijui. Keshokutwa sijui. Nitakupigia simu nikwambie ukweli wowote utakaokuwa, hata kama ni mbaya.

Zuhura, nilipoanza kuandika nilidhani nikimaliza nitaitia barua hii kwenye begi lako uisome njiani, mie nikiwa nimeshapona aibu. Sasa naona huo ungekuwa ujanja uleule. Yale ya hospitali niliyasema kwa mdomo, mbele za watu. Kwa hiyo sitaificha. Mkirudi na mama yako nitakuwa hapahapa kibarazani, na Mama Happy nimemwita aje anywe chai, naye atakuwepo. Nitakwambia mbele yao kwamba hukumdhuru mdogo wako. Wewe ndiye uliyemvusha ile jioni wakati baba yako ameshindwa kufungua geti. Nisamehe kama unaweza, na kama bado, nenda Mbeya na kinyongo chako, usikiache kwa ajili ya kunifurahisha mie. Kitakapoisha utaniambia.

Nasikia sauti zenu mnacheka huko barabarani. Nyamaza kalamu, mwanangu anakuja.

Baba yako